Uani Tabata: pevingi, kivuli na taa kabla ya Januari, kisha mtoko wa usiku ufukweni

Mkazi_Segerea aliandika:

Wakuu, habari za jioni. Naomba ushauri kwa wanaozijua kazi hizi kwa undani.

Nyuma ya nyumba kuna eneo la mita 8 kwa 6, ukuta pande tatu. Udongo ni mzito, na vuli hizi zikipiga maji yanasimama karibu na mlango wa jikoni mpaka kesho yake. Ifikapo Januari tunataka pawe mahali pa kukaa jioni: pevingi (vitofali vya zege vya kupanga chini) mita 5 kwa 4 kuanzia ukuta wa nyumba, kivuli juu yake, jiko la kuchomea nyama, taa, na ukoka sehemu inayobaki. Kona ya kushoto kuna chemba ya maji taka.

Fundi wa kwanza anasema anamwaga mchanga, anapanga pevingi, siku mbili kazi imekwisha. Wa pili anataka kumwaga zege eneo lote la kukaa. Nimsikilize nani? Na kivuli kiwe makuti au bati?

La mwisho: kazi ikiisha nataka kumtoa mke wangu na mama mkwe chakula cha usiku ufukweni. Mtoko huu umeahirishwa tangu mwaka jana. Mama magoti yanamsumbua. Nipange siku gani na upande gani wa jiji?

---

FundiKerbu alijibu:

Mkuu, kabla ya kuchagua fundi, jiulize maji yatatoka wapi na yataishia wapi. Hapo mlangoni yanasimama kwa sababu uwanja umeinamia nyumba au uko sawa kabisa. Ukipanga pevingi juu ya hali hiyo, utakuwa na dimbwi lililopambwa. Ukimwaga zege ndiyo mbaya zaidi, maana hata kile kidogo kilichokuwa kinanywewa na udongo sasa kitarudi ukutani.

Chukua levo kwa mpira wa maji kutoka kizingiti cha mlango. Uso wa pevingi ukae sentimita 15 chini ya ule utepe mweusi wa kuzuia unyevu uliopo chini ya tofali za ukuta. Ukipandisha zaidi ya hapo, unyevu unapanda ukutani na rangi inaanza kumenyuka ndani ya nyumba. Kutoka ukutani, mteremko uwe sentimita 2 kwa kila mita. Kwa mita zako 4, mwisho wa pevingi utakuwa chini kwa sentimita 8. Piga vigingi, funga kamba, na usimruhusu mtu akadirie kwa macho.

Kuchimba: unene wa pevingi sentimita 6, mchanga 3, moramu (udongo wa changarawe wa kushindilia) 10. Jumla ni 19 chini ya kamba. Hiyo ya sentimita 6 inatosha kwa watu, viti na hata gari dogo. Za 8 ni za malori, usiuziwe.

Mahitaji ya mita za mraba 20: pevingi za mstatili (sentimita 20 kwa 10) zinaingia 50 kwa mita moja ya mraba, kwa hiyo 1,000, ongeza 50 za kukata na kuvunjika. Moramu kabla ya kushindiliwa, mita za ujazo 2.5 hadi 3. Mchanga wa kulalia, mita moja ya ujazo. Kerbu (mawe ya zege ya kuzuia ukingo) mita 13, kwa kuwa upande mmoja ni ukuta wa nyumba. Zege la kushikilia kerbu kwa nyuma, saruji mifuko miwili, ratio 1:2:4 (saruji, mchanga, kokoto).

Moramu imwagwe kwa tabaka mbili za sentimita 5, kila tabaka ilowanishwe kidogo na kushindiliwa kwa mashine. Mashine hukodishwa kwa siku. Lile gogo la kunyanyua kwa mikono linafaa pembeni tu, ambako mashine haifiki. Hapa ndipo yule wa siku mbili anapokosea: bila tabaka hii, mvua ya kwanza ya masika mchanga unahama, na pevingi zinazama kwanza chini ya ukingo wa paa, pale matone yanapodondoka.

Mchanga wa kulalia uwe wa mto, mkavu, wa chembe kubwa kiasi, usizidi sentimita 4. Mafundi wengi wanatumia mchanga mnene kuficha moramu isiyo sawa. Ukizidi, kila miguu ya meza inapokaa panabonyea. Wa baharini usiukubali hata kwa bei ya bure, una chumvi: utaleta ukungu mweupe juu ya pevingi na kula kila chuma kilicho karibu. Pia wapo wanaochanganya saruji kavu kwenye mchanga huo "ili ishike". Ikishashika, maji hayapiti chini, na siku udongo ukicheza inapasuka vipande.

Kerbu zitangulie. Pevingi zisizo na kizuizi pembeni hufunguka kama meno, safu ya mwisho kwanza. Ukishapanga, mwaga mchanga laini mkavu juu, fagia uingie kwenye maungio, pitisha mashine, fagia tena. Rudia mpaka maungio yajae. Wiki mbili baadaye ongeza tena, utakuwa umeshuka.

Na tafadhali: chemba isifunikwe. Inua shingo yake kwa tofali mpaka usawa mpya na weka mfuniko unaofunguka. Gari la maji taka litakuja tu siku moja, na hutaki kuvunja uwanja kwa nyundo.

---

MajiYaPaa alijibu:

Naongezea kwa FundiKerbu kuhusu maji yenyewe. Nusu ya paa inayomwaga nyuma, tuseme mita za mraba 60: mvua ya milimita 50 inateremsha lita 3,000 pale pale. Udongo mzito hauwezi kuzinywa. Watu watakwambia uchimbe shimo la kunyonya maji ulijaze mawe, lakini mawe yenyewe yanachukua zaidi ya nusu ya nafasi, na kwenye udongo wa aina yako shimo likijaa asubuhi litabaki limejaa jioni. Lipime kwanza: chimba futi mbili, mimina ndoo tatu, angalia saa. Maji yakiwa bado yapo baada ya muda wa saa nne, achana na shimo.

Funga gata (mfereji wa ukingo wa paa), peleka maji kwenye simtanki, na yanayofurika yapite kwenye bomba la PVC la inchi 4 hadi mtaro wa barabarani. Bomba liwe na mteremko wa sentimita moja kwa mita, na lilazwe kabla ya moramu kumwagwa. Usilielekeze ukutani kwa jirani. Kesi za maji Tabata zinafika serikali ya mtaa kila masika, na anayeelekeza maji kwa mwenzake ndiye anayeambiwa abomoe.

Faida nyingine: maji ya mvua hayana chumvi. Kama kisima chako ni cha chumvi, ncha za ukoka huungua, na maji ya simtanki ndiyo yatakayouokoa Januari na Februari mvua zikikata.

Vuli bado ipo, itumie. Mwaga moramu, shindilia, kisha subiri mvua moja kubwa kabla ya kupanga pevingi. Utaona maji yanakoelekea wakati kurekebisha bado ni rahisi.

---

Pwani_Makuti alijibu:

Kuhusu kivuli, mimi ni wa makuti. Chini ya bati tupu Januari saa tisa mchana hakukaliki, hata likiwa refu.

Ila makuti yana masharti, na la kwanza ni mteremko. Digrii 45, usikubali pungufu sana. Paa likilala, maji hayashuki haraka, makuti yanakaa na unyevu, yanaoza kutoka ndani wakati kwa nje yanaonekana mazima. La pili ni nafasi kati ya pau (fito za kufungia makuti): sentimita 15, usizidi. Mafundi wanapenda kuachanisha hadi 25 kwa sababu makuti yanapungua, mteja anafurahia bei, halafu msimu wa pili anaona nyota.

Banda la mita 4 kwa 3 lenye ukingo wa nusu mita kila upande lina paa la mita 5 kwa 4 likitazamwa kutoka juu. Kwa digrii 45, kila upande unashuka karibu mita 2.8, yaani mistari 19. Pande mbili ni mistari 38 ya mita 5, jumla mita 190 za makuti. Pima urefu wa kuti moja la muuzaji, gawanya, ongeza sehemu moja ya kumi. Nunua makuti ya viungo yaliyoshonwa, majani yamebana. Shika moja ulitazame dhidi ya jua: ukiona mwanga mwingi kati ya majani, rudisha.

Nguzo: mkaratusi uliotiwa dawa, kipenyo sentimita 12 hadi 15. Usifukie mti ardhini, hata wenye dawa. Sehemu uliyokata haina dawa tena na mchwa wanaanzia hapo. Chimba sentimita 60, mwaga zege, acha kiatu cha chuma juu, nguzo isimame sentimita 5 juu ya pevingi. Misumari na boliti ziwe za mabati.

Hesabu pia urefu: kingo zikiwa mita 2.2, kilele kitafika mita 4.2. Ukingo usidondoshee kwa jirani.

Ukiona hayo yote ni mengi, bati linafanya kazi, lakini geji 28 na si 30 iliyo nyembamba, rangi nyepesi, na dari la mkeka au mianzi chini yake lenye nafasi ya kupitisha upepo.

---

Mkazi_Segerea aliandika:

Asanteni sana wakuu, nimechukua kila kitu. Na jiko la nyama? Nilifikiria kulijenga la tofali kabisa, pembeni ya banda. Na taa fundi umeme aje lini, mwishoni?

---

Mkaa_na_Nyama alijibu:

Kwa banda la makuti, usijenge jiko la kudumu. Sababu ni upepo. Desemba hadi Machi ni kaskazi, upepo unatoka kaskazini-mashariki, kwa hiyo jiko likae upande wa kusini-magharibi na moshi uende zake. Kuanzia Mei ni kusi, upepo umegeuka, na jiko lile lile sasa linapeleka moshi na cheche kwenye makuti. Chukua nusu pipa la lita 200 lenye miguu, uhamishe kadiri ya msimu, mita 3 kutoka kwenye paa kwa uchache. Ndoo ya mchanga iwe karibu wakati wote. Juu ya chemba usiliweke kamwe, kuna gesi inayoshika moto.

Ukishikilia la tofali, ndani ziwe tofali za kuchoma na udongo wa mfinyanzi uliochanganywa na mchanga. Tofali za saruji hupasuka kwa joto na kurusha vipande. Wavu usiwe wa mabati yale ya kung'aa, maana zinki ikipata moto mkali inatoa moshi wa sumu. Nondo za milimita 8 zilizosuguliwa, au chuma cha pua. Kati ya mkaa na wavu acha sentimita 15. Kwa kuku mzima au mbuzi mwenye mifupa, tengeneza upande mmoja usio na mkaa kabisa: anza na moto, malizia pembeni.

---

TaaZaUani alijibu:

Fundi umeme aje kabla ya moramu, si mwishoni. Akija mwishoni atafumua pevingi zako mpya. Laza bomba tupu mbili za konduiti kwenda kwenye banda, nusu mita chini ya ardhi, moja ya umeme na moja ya akiba, na uache kamba ndani ya kila moja ya kuvutia waya. Nyaya za nje zitoke kwenye sakiti breka yake peke yake, yenye kifaa cha kukata umeme ukivuja, cha milliampia 30. Uani kuna miguu mitupu na maji, hapa pasiwe na mjadala. Taa na soketi ziwe za nje, zenye alama IP65, yaani zisizoingia vumbi wala maji.

Rangi ya taa: njano ya joto, Kelvin 2700. Nyeupe kali inaita wadudu wote wa mtaa. Ziweke chini, usawa wa magoti au pembeni mwa nguzo, na moja tu juu ya meza. Taa kubwa ya ukutani iachie kazi ya ulinzi, iwe na swichi yake.

Mbu: mbu wa dengi, ugonjwa uliolisumbua jiji hili 2014 na 2019, huuma mchana, hasa asubuhi na jioni kabla ya giza, yaani wakati ule ule mnapotoka kukaa. Huzaliana kwenye maji masafi kidogo tu: sahani chini ya vyungu, vifuu, mfuniko wa simtanki uliobonyea. Yai kuwa mbu huchukua wiki moja hivi, kwa hiyo kumwaga maji hayo kila Jumamosi kunatosha. Gata ikiwa na sehemu iliyolala, ni kiwanda. Na kwenye meza, feni ya kusimama ikielekezwa chini inafukuza mbu vizuri kuliko udi, kwa kuwa hawawezi kuruka dhidi ya upepo.

Ukoka upandwe sasa hivi mvua ikiwepo, lakini baada ya malori na matoroli kumaliza kupita. Vichipukizi kila sentimita 15, kama 45 kwa mita, kwa mita zako 28 ni kama 1,250. Kwenye kivuli cha ukuta ambako jua halifiki saa sita kwa siku, usipande, utakufa. Weka kokoto.

---

BamvuaNaMafu alijibu:

Naja kwenye mtoko, maana wengi hupanga kwa kalenda ya ukutani na kusahau ya bahari.

Pwani yetu bamvua (maji makubwa ya bahari) hujaa kama saa kumi alasiri, siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu. Kwa hiyo mkienda siku ya 14 au 15 ya mwezi wa angani kwa ajili ya mbalamwezi, mkikaa mezani saa moja usiku maji yanakimbia, na mkifika kwenye chai maji yako mbali, mbele yenu kuna mchanga mweusi na harufu ya mwani. Kila siku inayofuata maji yanachelewa kwa dakika 40 hadi 50. Ukitaka mawimbi yawe karibu na meza wakati wa kula, chagua siku ya 4 hadi 6, au ya 18 hadi 20, ya mwezi huo wa angani. Hapo yanajaa kati ya magharibi na saa mbili usiku. Siku ya 18 ina zawadi nyingine: mwezi wenyewe unachomoza kutoka baharini wakati mnamalizia kula. Thibitisha na jedwali la maji kujaa na kupwa la siku hiyo, lipo bure kwenye simu.

Upande: Coco Beach na fukwe za Kigamboni zinatazama mashariki. Zina mwezi na upepo wa kaskazi usoni, ila jua linazama mgongoni mwenu. Mkitaka jua lizame majini, nendeni upande wa magharibi wa rasi ya Msasani, unaotazama ghuba, kama pale Slipway. Januari jua linazama kama saa 12 na dakika 50, fikeni saa 12.

Kutoka Segerea, Ijumaa msithubutu kuvuka Mwenge au Morocco saa 11. Kigamboni kwa Barabara ya Mandela na Daraja la Nyerere ni njia iliyonyooka zaidi, ila malori ya bandarini yapo siku za kazi. Jumapili ndiyo nyepesi kwa pande zote.

Kwa ajili ya mama: piga simu, usiandike ujumbe. Uliza maswali matatu. Gari linaishia wapi, na kutoka hapo kuna ngazi ngapi? Meza ziko kwenye sakafu ngumu au mchangani? Viti vina mikono ya kushika anaponyanyuka? Kiti cha plastiki kwenye mchanga kinazama miguu ya nyuma, na mwenye magoti mabovu hawezi kujiinua hapo bila kushikwa pande zote mbili. Omba meza ya pembeni iliyo karibu na choo, isiyoelekea upepo moja kwa moja, na mbebe khanga ya kumfunika mabegani. Kaskazi ya usiku baharini si ile ya Tabata.

Samaki: agiza wakati unapiga simu. Changu au kolekole wa kilo moja juu ya mkaa anataka dakika 25 hadi 30, na jikoni pakiwa na foleni subira inafika saa nzima na nusu. Mkifika, mwambie mhudumu samaki aletwe mbichi mezani, umwone na apimwe mbele yenu. Macho yawe yamejaa na maangavu, matamvua mekundu, ukibonyeza nyama irudi. Kubalianeni bei ya kilo na kama VAT imo tayari, kabla hajapakwa ndimu. Mama akipenda pweza, ulizia kama amechemshwa kwanza kabla ya kuchomwa. Asipochemshwa, meno yake hayatamsamehe.

---

Mkazi_Segerea aliandika:

Bamvua, hapo kwenye viti vyenye mikono umenigusa, sikuwa nimewaza kabisa. FundiKerbu, swali moja: mita 3 kutoka paa hadi jiko, na chemba iko kona ya kushoto. Jiko likae kona ya kulia ukokani?

---

FundiKerbu alijibu:

Ndiyo, kama kona ya kulia ni upande wa kusini-magharibi. Simama mlangoni asubuhi uangalie jua linakochomoza ujihakikishie. Ila usiliweke juu ya ukoka, majivu ya moto yataunguza. Acha kipande cha pevingi mita moja na nusu kwa moja na nusu pale konani, chenye kerbu zake na moramu yake, na njia ya pevingi ya sentimita 60 kutoka kwenye banda. Pevingi 200 zaidi zitatosha, moramu kama mita 0.6 ya ujazo. Ziagize pamoja na zile za kwanza: kiwanda kimoja na kingine, au hata siku moja na nyingine ya mchanganyiko, rangi hazilingani.